Vijana wa miaka 16 na 17 waanzie kura ya kijiji na mtaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo ambalo nimekaa nalo tangu Julai 2024, mwezi ambao mkoa wetu wa Kigoma ulichaguliwa kuzindua uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kazi ilianza hapa tarehe 20, nami nilikuwa mwandishi msaidizi katika kituo kimoja cha Manispaa ya Kigoma Ujiji kwa siku zote saba. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa shughuli za uvuvi tangu Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka huo, hivyo vijana ambao kwa kawaida mchana wangekuwa wamelala baada ya kukesha na taa majini walikuwa nchi kavu hawana la kufanya, na walikuja kituoni kwa wingi kuliko nilivyotarajia.

Katika siku hizo nilimwandikisha binti mmoja aliyezaliwa mwanzoni mwa Oktoba 2007. Alikuwa na miaka kumi na sita na miezi tisa. Sheria iliruhusu, kwa kuwa anayestahili kuandikishwa ni raia aliyetimiza miaka 18 au atakayeitimiza ifikapo siku ya Uchaguzi Mkuu, na Uchaguzi Mkuu ulikuwa wa Oktoba 2025. Tulimpiga picha, tukachukua alama za vidole, akatia saini, kadi ikatoka, akaondoka akiitazama kila hatua kama mtu aliyepewa barua ya kazi. Miezi mitatu baadaye alikuja kwenye meza yangu sokoni, ambako huuza mawese na dagaa, akiwa na kadi ile ile mkononi. Alikuwa anatoka kwenye uandikishaji wa uchaguzi wa Serikali za Mitaa, ule uliofanyika kuanzia Oktoba 11 hadi 20, na alikuwa ameambiwa kwamba umri wake bado. Aliniamkia, kisha akaniuliza, "Mama, mbona kadi mliyonipa haifanyi kazi?"

Nilimweleza kwamba hayo ni madaftari mawili, la Tume ya Uchaguzi na la wakazi, na kwamba siku ya kumchagua mwenyekiti wa mtaa, Novemba 27, 2024, atakuwa na miaka 17 tu, ilhali siku ya kumchagua Rais atakuwa ameshafikisha 18. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akasema kwamba Rais hajawahi kumwona, lakini mwenyekiti ndiye anayewatoa nyumbani kila Jumamosi ya usafi, na ndiye aliyemzungusha siku mbili kwa barua ya utambulisho alipotaka kwenda kujifunza ushonaji. Maelezo yangu yalikuwa sahihi kisheria, lakini sikuwa na jibu la hilo alilosema, na ndiyo sababu ya barua hii.

Ninachopendekeza ni kidogo, na naomba wasomaji wasikikuze kuliko kilivyo. Sisemi kwamba mtoto wa miaka 16 apige kura ya Rais au ya Mbunge. Nasema kwamba raia mwenye miaka 16 na 17 aruhusiwe kuwachagua mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti na wajumbe wa serikali ya kijiji, na mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya mtaa, na kwamba aruhusiwe kuingia na kunyoosha mkono katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ngazi za juu zibaki kama zilivyo mpaka tujionee wenyewe matokeo.

Naanzia huko chini kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kisheria. Mimi si mwanasheria, na wanaojua zaidi watanisahihisha katika safu hii hii, lakini Ibara ya 5 ya Katiba yetu ya 1977 inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka kumi na minane, na kuigusa Ibara hiyo kunahitaji theluthi mbili ya Wabunge wote. Uchaguzi wa kijiji na mtaa, kwa upande mwingine, unaendeshwa kwa sheria za Serikali za Mitaa, Sura ya 287 na Sura ya 288, pamoja na kanuni zinazotolewa na Waziri mwenye dhamana. Katiba inamhakikishia haki mwenye miaka 18. Sijaona ndani yake sentensi inayokataza sheria ya kawaida kumpa sauti mdogo wake katika mambo ya mtaa wao. Ikiwa nimeisoma vibaya, basi nielezwe, kwa kuwa hapo ndipo msingi wa pendekezo langu ulipo.

Sababu ya pili ndiyo nzito kwangu. Mambo ya kijiji ndiyo mambo ambayo kijana wa miaka 16 anayajua. Chukua suala la ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya Mkutano Mkuu, na mkutano huo ni wa wakazi wenye miaka 18 na kuendelea. Nenda vijiji vya Uvinza au Kasulu siku wanapojadili kumpa mgeni ekari mia za kufuga au kulima. Watakaonyoosha mikono ni akina baba na akina mama ambao tayari wana mashamba yao, na wazee ambao, Mungu awape umri, hawatakuwepo miaka thelathini ijayo. Mtoto wa mwisho wa nyumba, ambaye ndiye aliyekuwa akitegemea kukatiwa kipande katika eneo hilo hilo, amesimama nje ya duara na baiskeli yake akisikiliza. Anajua mipaka ya eneo hilo kuliko nusu ya waliokaa, kwa sababu ndiye anayechunga mbuzi huko. Mkutano ukiisha, mwaka unaofuata anatimiza miaka 18, na ardhi imekwisha.

Ndivyo ilivyo hata katika mambo madogo. Msingi wa darasa jipya unapochimbwa kwa nguvu za wananchi, wanaobeba mawe wengi ni wa umri huo. Doria ya usiku inapopangwa, mtaa haukumbuki kwamba kijana ni mtoto, ila siku ya kura. Pale mwaloni Kibirizi, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, kijana wa miaka 17 anavuta kamba, anaanika dagaa, anauza, na ushuru unatozwa kwenye ndoo yake bila mtu kumwuliza mwaka aliozaliwa. Sisemi ni vyema awe majini usiku, na sheria zetu za kazi zina la kusema kuhusu watoto katika kazi za hatari. Nasema yupo hapo, na maamuzi ya mwalo yanamhusu.

Wapo wenzangu wanaotetea jambo hili kwa hoja ambayo mimi siipendi. Husema kwamba ikiwa Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimwona binti wa miaka 15 anafaa kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, basi wa miaka 16 anafaa kupiga kura. Hoja hiyo inajenga nyumba juu ya ukuta mbovu. Vifungu hivyo vya ndoa Mahakama Kuu ilivitangaza mwaka 2016 kuwa vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikasema vivyo hivyo mwaka 2019. Hatuwezi kuchukua jambo tulilomkosea mtoto wa kike tukaligeuza kuwa cheti cha ukomavu wake. Kura ya mtaa haimtoi kijana katika ulinzi wa Sheria ya Mtoto ya 2009. Anabaki mtoto kwa maana ya kulindwa, na papo hapo anakuwa mkazi anayesikilizwa, na mambo hayo mawili hayagombani.

Tabora, kwa majirani zetu, kuna kumbukumbu ambayo ingefaa kukumbukwa katika mjadala huu. Januari 1958 TANU walikutana mjini hapo kuamua kama waingie katika uchaguzi ambao masharti yake yalikuwa ya kuudhi. Kila mpiga kura alitakiwa kuwachagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na kura yenyewe haikuwa ya kila mtu, bali ya mwenye elimu fulani, au kipato fulani, au wadhifa fulani. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie hivyo hivyo. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake. Uamuzi ule tuliuita wa busara, na TANU ilishinda chaguzi za Septemba 1958 na Februari 1959. Tunapousimulia huwa tunaishia kwenye ushindi. Mimi huwafikiria zaidi waliobaki nje: bibi zetu na babu zetu waliokuwa wakilima, wakilipa kodi na kuamua mambo ya koo zao, lakini wakaambiwa kwamba hawajasoma vya kutosha kujua mtu anayefaa. Neno hilo hilo, la kutojua vya kutosha, ndilo tunalowaambia wajukuu zao, ambao kwa bahati wamesoma kuliko sisi. Kijana wa kidato cha tatu amefundishwa Uraia darasani, anaweza kukutajia mihimili mitatu ya dola na kazi za Tume ya Uchaguzi. Wangapi katika sisi tuliopanga foleni Novemba 2024 tungeweza?

Nchi nyingine zimepita njia hii, na baadhi zilianzia chini kama ninavyopendekeza. Malta iliwaruhusu wenye miaka 16 kupiga kura za mabaraza ya mitaa kwanza, wakapiga mwaka 2015, na mwaka 2018 ikawaruhusu katika uchaguzi wa kitaifa. Austria iliwaruhusu kitaifa mwaka 2007, baada ya baadhi ya majimbo yake kujaribu katika chaguzi za manispaa. Estonia imeishia kwenye mabaraza ya mitaa, ambako walianza mwaka 2017. Brazili inawaruhusu tangu Katiba yake ya 1988, lakini haiwalazimishi kama inavyowalazimisha watu wazima. Uskoti, katika kura ya maoni ya 2014 ya kujitenga na Uingereza, uchunguzi wa Tume yao ya Uchaguzi ulionyesha kwamba asilimia 75 ya wenye miaka 16 na 17 walisema wamepiga kura, ilhali kwa wenye miaka 18 hadi 24 ilikuwa asilimia 54. Watafiti wa Austria nao waliona jambo la namna hiyo: mdogo aliye nyumbani anakwenda kituoni kuliko kaka yake aliyekwisha kuhama.

Takwimu hizo ni za mbali, lakini jambo lenyewe ni letu kabisa. Umri wa miaka 18 kwa mtoto wa Kigoma ndio umri wa kuondoka. Anayefaulu kidato cha nne anapangiwa shule ya kidato cha tano Iringa au Ruvuma. Anayemaliza cha sita anaitwa JKT. Asiyefaulu anapanda treni. Tunampa kura ya kwanza mwaka ule ule anaokosa anwani, kisha tunashangaa kwamba vijana hawajitokezi. Binti yangu wa kadi aliondoka kwenda Dar es Salaam mwanzoni mwa 2025 kushona katika banda la shangazi yake. Hakuhamisha taarifa zake. Oktoba ilipofika alikuwa na miaka 18 kamili na kadi halali ya kituo kilicho zaidi ya kilomita elfu moja kutoka alipokuwa. Kama angeruhusiwa Novemba 2024, kituo kilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka kwao, na wagombea wote aliwajua kwa majina ya watoto wao.

Sasa nije kwenye pingamizi, maana zipo ambazo ni za kweli, na moja imeninyima usingizi.

Ile ya kwamba vijana hawajakomaa sitaikalia. Kila mtaa una mtu wa miaka hamsini anayeuza kura yake kwa kilo ya sukari, na hakuna aliyependekeza apimwe. Pingamizi la walimu lina uzito zaidi. Wasimamizi wengi wa vituo katika nchi hii ni walimu, na vituo vingi ni madarasa. Mwanafunzi atakayeingia kituoni na kumkuta mwalimu wake wa zamu mezani hawezi kuwa huru hata kama mwalimu mwenyewe ni mtu wa haki. Hili linatibika kwa kanuni ya mstari mmoja, kwamba mwalimu asisimamie kituo kilicho katika eneo la shule anayofundisha.

Linaloninyima usingizi ni shule za bweni. Fikiria mtaa wa Tabora mjini wenye wapiga kura mia nne na shule ya bweni yenye wanafunzi mia sita, na Tabora ni mji wa shule kubwa za aina hiyo. Siku ya uandikishaji wanafunzi wa kidato cha nne wapangwe mstari, waandikwe wote kuwa wakazi, na Novemba wamchague mwenyekiti wa watu ambao hawawajui, katika mtaa ambao wataondoka kabla ya Krismasi. Huo ni wizi hata kama kila kura imepigwa kihalali. Katika uandikishaji wa 2024 vyama vya upinzani vililalamika kwamba kuna mahali wanafunzi walio chini ya umri waliandikwa. Sikuyashuhudia hayo na siwezi kuyahukumu, lakini malalamiko yenyewe yanaonyesha mwanya ulipo. Jibu langu, na nakiri lina gharama, ni kwamba mwanafunzi wa bweni aandikwe nyumbani kwa mzazi au mlezi tu, kamwe si shuleni. Gharama ni kwamba Novemba ni mwezi wa mtihani wa kidato cha nne, hivyo wengi wa bweni hawatapata kura kabisa. Naona ni afadhali hao waikose kuliko mtaa mzima kuchaguliwa mwenyekiti na bweni. Wa kutwa, ambao kwenye shule zetu za kata ndio wengi, hawaathiriki, na tarehe nayo si msahafu, inaweza kusogezwa.

Kuna tatizo la utambulisho, na hapa naandika kama mtu wa Kigoma. Kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa mwenye miaka 18. Cheti cha kuzaliwa wengi vijijini hawana. Nasi tuliopakana na Burundi na kuvukiana ziwa na Kongo, tuliozoea kuishi jirani na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, tunajua maana ya kuulizwa uraia wako kila unapofungua mdomo kwa lafudhi ya kwenu. Nahofia kijana wa Kibondo au Buhigwe kusimamishwa mlangoni na kutakiwa athibitishe asili ya babu yake, wakati kijana wa Dodoma anaulizwa jina tu. Lakini daftari la wakazi lina faida ambayo daftari la Tume halina. Linaandikwa kitongojini, na watu wanaojuana, kisha orodha inabandikwa hadharani ili mwenye pingamizi aseme. Umri wa mtoto kitongojini si siri. Tunajua alizaliwa mwaka gani wa mvua, na mama yake alijifungua pamoja na nani. Kwa kijana asiye na cheti, kadi ya kliniki au rejesta ya shule ya msingi itoshe, na ushahidi wa majirani wawili wasio ndugu uongezwe pale panapokuwa na shaka. Sioni sababu ya kumdai mwenye miaka 16 uthibitisho mkubwa kuliko tuliodaiwa sisi.

Kuhusu ghasia za Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, sitaandika mengi. Serikali iliunda Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na kulieleza taifa yaliyotokea ni kazi waliyopewa wao, si ya muuza mawese. Nitasema tu nilichosikia baada ya hapo katika misiba na harusi za huku kwetu, wazee wakirudia kwamba vijana wa sasa hawasikii la mtu. Niliwahi kumwuliza mzee mmoja, kwa heshima zote, kijana wa mtaa wake ana kikao gani ambacho yeye mwenyewe amewahi kusikilizwa. Alinitajia serikali ya wanafunzi na baraza la watoto. Vyote viwili ni vyema, na nimewahi kuona baraza la watoto la kata likijadili choo cha shule kwa utulivu kuliko madiwani. Lakini baraza linapendekeza tu. Mwenyekiti wa mtaa anajua kwamba hakuna hata mmoja kati ya watoto wale anayeweza kumwondoa, na hupanga muda wake kufuatana na hilo.

Uchaguzi ujao wa vijiji na mitaa, kwa kawaida ya miaka mitano, utakuwa 2029. Watakaokuwa na miaka 16 mwaka huo leo wako darasa la sita na la saba. Kanuni zitaandikwa kabla ya hapo, na mazoea yetu ni kuziona zikiwa zimekwisha kuchapwa. Ombi langu kwa ofisi inayohusika na Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa ni kwamba rasimu, pamoja na kipengele cha umri, ipelekwe mapema kwenye mikutano ya vijiji na kwenye mabaraza ya watoto ya kata, na kwamba kama nchi nzima ni mzigo, jambo hili lijaribiwe katika halmashauri chache. Kigoma tulianza na daftari mwaka 2024 na hatukuharibu kitu. Tunaweza kuanza na hili pia.

Wako msomaji,
Muuza mawese,
Ujiji, Kigoma.